Matimba Mia Moja na Kumi na Mawili

Arobaini na moja, kisha kimya.

Nilikuwa nimeinama kwenye karai la mandazi na sikuinua kichwa. Pengine amesimama kufuta jasho. Pengine tochi imemsumbua. Niliyageuza mandazi, nikayatoa, nikatia mengine, na bado bomba la hewa kando yangu lilikuwa kimya.

Duara letu, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lina matimba mia moja na kumi na mawili. Timba ni gogo la mkaratusi linalokazwa kati ya ukuta na ukuta ili udongo usifunge shimo, na hilo hilo ndilo mchimbaji analokanyaga akishuka na akipanda. Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajashuka, fundi matimba anatangulia peke yake na nyundo. Anayagonga moja baada ya jingine. Timba zima linajibu kwa sauti kavu. Lililooza, au lililolegezwa na maji, linatoa mlio mzito kama umepiga gunia la mahindi. Akifika chini anarudi juu, anasema "salama", ndipo wengine wanashuka. Hakuna anayemfuata kuhakikisha. Ni neno lake tu.

Fundi matimba alikuwa mume wangu, Boaz.

Hakujua kwamba namsikia. Kwenye machimbo yetu mwanamke hakaribii mdomo wa duara, wanasema akikanyaga pale dhahabu inahama. Kwa hiyo banda langu la chai liliwekwa hatua thelathini pembeni, karibu na mashine inayosukuma hewa chini kwa bomba la plastiki. Mashine ikiwa imezimwa, bomba hilo linapandisha kila sauti ya shimoni. Wanaume hawakulijua jambo hilo kwa sababu asubuhi wao hukaa mdomoni mwa duara wakibishana mambo ya mpira. Mimi nilikuwa nakaa pale na unga wangu kila siku, na masikio ninayo.

Boaz si mtu mbaya. Hanywi, hajanipiga hata siku moja, na ni mzee wa kanisa ambaye watu humfuata nyumbani awaombee. Lakini ni mvivu. Nyumba yetu ya Masumbwe ina choo chenye kuta tatu. Kule Samuye, kabla hatujahamia huku, alipanda pamba ekari mbili, akapalilia moja, ya pili akaiombea.

Kuhesabu nilianza wiki tatu kabla ya siku hiyo, bila kukusudia. Asubuhi ya kwanza aligonga sitini. Ya pili hamsini na tano. Baada ya hapo kimya kirefu, kama muda wa mtu kukaa juu ya gogo akapumzika, halafu anapanda na kusema salama. Jioni moja nilimwuliza, "Matimba yote mazima?" Akajibu, "Bwana ni mwaminifu, mke wangu." Nikanyamaza. Nilijiambia ni kiangazi, udongo mkavu, kuna nini cha kuoza? Ukweli ni kwamba sikutaka ugomvi. Nilikuwa nimechoka, na kunyamaza ilikuwa kazi nyepesi.

Lakini jana yake mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Maji yaliingia shimoni hadi jioni, na Cornel, kijana wa winchi, alivuta ndoo mpaka mikono ikamtoka malengelenge.

Boaz alitokeza kichwa mdomoni mwa duara. Akapanda, akaweka nyundo chini, akapangusa mikono.

"Salama," alisema.

Niliitazama suruali yake. Ilikuwa kavu. Kavu mpaka kwenye viatu.

Wachimbaji saba walisimama, wakavua kofia. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Maganga, mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mke wake alikuwa amejifungua siku kumi na mbili zilizopita. Boaz aliweka mkono juu ya timba la kwanza, akafumba macho, akaomba. Anaomba vizuri, nisimnyime sifa yake. Aliwataja wote saba kwa majina, na kichanga cha Maganga pia. Alimwomba Mungu alizunguke duara kwa malaika wake, aushike udongo, aizuie miamba, awarudishe baba kwa watoto. Wakasema amina, na Maganga akavaa tochi kichwani, akakaa ukingoni, akashusha mguu.

Sikumbuki kuliacha karai. Nakumbuka mafuta yalikuwa yanachemka nyuma yangu na mimi nimeshavuka nusu ya uwanja.

"Maganga, toka."

Wakageuka wote.

"Mama Noela, simama hapo hapo!" Cornel alipaza sauti, amenyoosha mikono kama anayezuia ng'ombe. "Usivuke hilo jiwe la mpaka. Unajua utaratibu."

"Mwambie Maganga atoke, nami nitasimama."

"Dada, kuna nini asubuhi hii?" Maganga alishakanyaga timba la pili. Kifua chake tu ndicho kilichoonekana. "Chai umetunyima, sasa na kazi?"

Wakacheka. Mzee Sufiani, mwenye duara, alitoka kwenye turubai lake akiwa na kikombe mkononi. Ni mfanyabiashara wa Kahama, mtu wa maneno machache, na huwa hapendi kelele kabla ya kazi.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba. Zungumza."

"Matimba hayajagongwa. Yamegongwa arobaini na moja tu."

Kilizuka kicheko kimoja cha nguvu. Mmoja akasema, "Jamani, mama lishe amekuwa mkaguzi wa migodi!" Mwingine akamjibu, "Yule akikupimia wali anahesabu punje, atashindwa matimba?"

Boaz hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na kwa miaka kumi na sita ya ndoa naujua ule uso. Alikuwa anatafuta neno zuri la kusema.

"Mama Noela," alisema polepole, kwa sauti ya kanisani, "rudi kwenye banda lako. Tutazungumza nyumbani."

"Nyumbani tumeshazungumza, ukanijibu Bwana ni mwaminifu. Sasa nauliza hapa. Ulifika la ngapi?"

"Unanifuatilia? Mume wako?"

"Nakusikia kwenye bomba. Kila siku."

Hapo aligeuka kulitazama bomba. Haikuchukua hata sekunde moja, lakini Mzee Sufiani aliona.

"Fundi," alisema Mzee Sufiani. "Umefika chini au hukufika?"

"Nimefika, mzee."

"Basi maji ya chini yako kiasi gani leo?" niliuliza. "Cornel, jana mliacha wapi?"

Cornel alikuna kichwa. "Usawa wa magoti. Giza lilituwahi."

"Mtazameni suruali."

Saba walitazama. Boaz naye alijitazama, kama mtu aliyeambiwa ana nyoka mguuni.

"Yamenywea," alisema.

"Dada, unatuaibisha!" Maganga alikasirika kweli sasa. "Mzee wa kanisa, unamvua nguo mbele ya watu kwa sababu ya maji? Watu tuna watoto wa kulisha. Mimi nashuka." Na akashuka. Kifua kikapotea, kisha mabega, kisha ikabaki tochi yake ikiyumba.

Nilitaka kukimbia nimshike nywele. Cornel alikuwa amesimama mbele yangu. Nikamwambia Boaz, na sauti yangu haikuwa ya kupaza tena:

"Haya, mwache ashuke. Wewe ndiye unayejua. Ukiona ni salama, nyamaza. Mimi narudi kwenye mandazi yangu."

Nilisikia viatu vya Maganga vikikanyaga magogo. La sita. La saba. Boaz alikuwa amefumba midomo. Jasho lilimtoka puani, na asubuhi ile kulikuwa na baridi. La tisa. La kumi. Mzee Sufiani alikuwa bado ameshika kikombe, hanywi. Nilisali ndani yangu, si sala ndefu. Nilisema tu: Mungu, mfungue mdomo huyu mtu.

La kumi na tatu.

"Maganga!" Boaz alipiga kelele iliyonishtua hata mimi. "Maganga, panda! Panda juu, shemeji, usiende!"

Maganga alipanda, akatokeza, akamtazama shemeji yake kutoka juu hadi chini.

"Sikufika," Boaz alisema. Alikuwa anaitazama nyundo. "Nipisheni."

Aliiokota, akavaa tochi, akashuka.

Ndipo nilipowaita kwenye bomba. Mwanzoni walisita, kisha wakaja wote, wanaume saba, Cornel na Mzee Sufiani, wakainamia lile bomba la plastiki kama watu wanaosikiliza redio yenye betri chovu. Nyundo ilisikika wazi kabisa. Mmoja wao akasema taratibu, "Aisee." Baada ya hapo hakuna aliyenitania.

Alianza upya kutoka la kwanza. Nilihesabu kwa sauti. Alipita ishirini, akapita arobaini na moja, na kila mlio ulikuwa mkavu. Sabini. Sabini na moja. Kwenye sabini na saba alisimama.

Tulingoja. Pumzi yake ilisikika, nzito, ya mtu asiyezoea.

"Ameshakaa tena," Maganga alisema kwa uchungu. "Nyie subirini, sasa hivi atapanda aseme salama."

Nilikuwa nafikiria yale yale. Sijui alichofikiri Boaz pale chini, katika giza lile, mikono inamuuma na matimba thelathini na matano yamebaki. Baadaye aliniambia kwamba alianza kuomba na maneno yakakataa kutoka. Alisema alijisikia kama mtoto aliyetumwa maji kisimani, akarudi na ndoo tupu, akaanza kumsifu mama yake kwa uzuri wa ndoo. Basi akaacha kuomba, akainua nyundo.

Sabini na nane.

Maganga akavuta pumzi.

Themanini. Tisini. Mlio ulikuwa unakuja taratibu sasa, na mwangwi wake ulikuwa wa maji. Tisini na moja. Tisini na mbili.

Tisini na tatu halikulia. Lilisema "bu", kama ngumi kwenye godoro.

Boaz aliligonga tena. Bu. Kisha akanyoosha mkono, bila shaka, akagonga la chini yake, na hilo nalo likasema bu. Halafu tukasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia kwenye bomba lile. Kilianza kama mchele unaomwagwa kwenye ungo. Kikaongezeka. Kikawa kama lori linamwaga kokoto. Ardhi chini ya miguu yetu ilitikisika mara moja, na bomba likatema vumbi usoni mwa Mzee Sufiani.

"Boaz!" Nililishika bomba kwa mikono miwili. "Baba Noela!"

Kimya.

Maganga alikuwa ameshakimbilia mdomoni mwa duara. Cornel alimkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili. "Usishuke! Utaangusha yaliyobaki! Kamba, leteni kamba!"

"Boaz! Nijibu!"

Nilivuka lile jiwe. Nilifika mpaka ukingoni, nikalala kifudifudi, nikaangalia chini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia habari ya dhahabu kuhama. Hapakuonekana taa. Vumbi jekundu lilikuwa linapanda kama moshi.

Kisha sauti yake, ndogo, mbali.

"Mtu asishuke."

"Uko wapi?"

"Nimeshika tisini na mbili. Miguu inaning'inia. Kuanzia tisini na tatu hakuna kitu tena. Mtu asishuke."

Cornel alipeleka kamba ya winchi taratibu, sentimita kwa sentimita, ili isiguse ukuta. Ilichukua muda ambao siwezi kuupima. Boaz alijifunga kwa mkono mmoja. Aliniambia mkono wa pili ulikuwa umekataa kuachia gogo na ilibidi auamrishe kidole kimoja kimoja. Walimvuta juu watu sita, polepole, na kila mara udongo ulipodondoka chini tulisimama wote bila kupumua.

Alipotoka alikuwa mwekundu mwili mzima, ngozi ya mkono wa kulia imechunika kutoka kiwiko hadi kiganja. Alikaa chini. Nilimmwagia maji usoni na sikumwambia pole, kwa sababu nilijua nikianza kuzungumza nitalia.

Chini ya timba la tisini na tano kulikuwa na kikalio, mahali palipochongwa ukutani, ambapo wachimbaji wote hukaa pamoja kufunga viroba vya mawe kabla ya kugawana njia. Kila mmoja pale alikuwa anajua hilo. Nilimwona Maganga akihesabu wenzake kwa macho.

Na hapo ndipo lilipokuja jaribu lenyewe, ambalo sikulitegemea.

"Bwana asifiwe!" mmoja alipiga kelele. "Mzee ametuokoa! Watu saba, jamani, watu saba!" Wakamzunguka Boaz, wakamshika mabega. Mwingine alikuwa analia waziwazi. "Sala zako, mzee. Mungu amezisikia sala zako. Umehatarisha maisha yako kwa ajili yetu." Hata Cornel alimpigia magoti. Nilimtazama mume wangu. Ilikuwa rahisi mno. Angeinamisha kichwa tu, aseme sifa zote kwa Mungu, na Jumapili wangemsimamisha atoe ushuhuda.

Nami ningenyamaza? Nilijiuliza hivyo, na sikulipenda jibu lililonijia.

Boaz aliinua mkono wake uliochunika ili wanyamaze.

"Msinishukuru. Nilikuwa nawaua," alisema.

"Mzee, umechoka, pumzika."

"Nisikilizeni. Tangu mwezi wa tatu sijafika chini hata asubuhi moja. Nashuka nusu, nakaa kwenye gogo, napumzika, napanda. Halafu nawaombea. Mungu alinipa nyundo, mimi nikamrudishia maneno, nikamwambia agonge yeye." Akaninyooshea mkono ule. "Leo pia ningewaacha mshuke. Kama si huyu."

Wakanitazama. Nikaona siwezi kubaki na sifa isiyo yangu.

"Na mimi nilijua wiki tatu," nilisema. "Nilihesabu kila siku nikanyamaza, nikawauzia chai."

Maganga alisimama mbele ya Boaz. Nilidhani atampiga, na sidhani kama ningemzuia.

"Mtoto wangu ana siku kumi na mbili," alisema.

"Najua."

"Ulimtaja kwenye sala."

"Najua, shemeji."

Maganga akageuka, akaenda kukaa peke yake nyuma ya rundo la kifusi.

Mzee Sufiani alipangusa vumbi kwenye ndevu. "Nyundo mpe Cornel," alisema. "Kuanzia leo yeye ndiye anayegonga, na hapa kwenye bomba atakaa mtu kila asubuhi, anahesabu. Wewe utabeba magogo."

Boaz alikuwa na umri wa kumzaa Cornel. Alimkabidhi nyundo kwa mikono miwili.

Kazi ya kukarabati ilianza siku ya tatu. Lori lilimwaga magogo ya mikaratusi kando ya barabara, mita mia tatu kutoka kwenye duara, kwa sababu uwanja ulikuwa bado tope. Boaz aliyabeba begani, moja moja, na mkono ukiwa na bandeji. Siku ya kwanza, baada ya gogo la tano, nilimwona amekaa kivulini. Nilikwenda.

"Umechoka?"

"Sana."

"Pumzika mpaka jasho likauke. Likikauka, inuka."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mama Noela, mimi nadhani huu uvivu sitaupona kwa siku moja."

"Nani alikwambia ni kwa siku moja? Utaupona kwa gogo la sita. Halafu kwa la saba."

Akainuka. Sikumwinua mimi.

Kuyakaza matimba mapya lilikuwa jambo jingine. Pale machimboni hakuna aliyejua kukata gogo likaingia barabara kama Boaz. Ufundi anao, hilo halikuwahi kuwa tatizo. Mzee Sufiani aliuliza nani atakubali kushuka naye kumsaidia. Walitazamana, wakatazama chini. Mwishowe Maganga, ambaye hakuwa amemsemesha Boaz kwa siku nne, alisema, "Nitashuka mimi. Akinidanganya, tutakufa wawili."

Walifanya kazi siku mbili, wamefungwa kamba. Siku ya pili, saa kumi jioni, wingu lilikuwa limeshajikusanya upande wa Ushetu na kila mtu alitaka kuondoka kabla ya mvua. Lilibaki timba moja. Nilikuwa kwenye bomba, zamu yangu, na nilisikia yote.

"Limeingia," alisema Maganga. "Limekaa. Twende."

"Bado."

"Limeingia, shemeji! Nimelipiga mwenyewe."

"Upande wa kushoto kidole changu kinapita. Ona."

"Kidole! Tutaweka kabari, kesho tutaona."

Kulikuwa na kimya. Nilijua kile kimya. Mikono yangu ilikaa juu ya bomba na sikuita, ingawa nilitaka kuita. Ngurumo ilipita juu yetu. Cornel alinitazama, akatazama mbingu.

"Litoe," alisema Boaz. "Tunakata jingine."

"Unasema kweli? Gogo liko juu, barabarani! Mvua inakuja!"

"Najua. Nimechoka kuliko wewe. Litoe."

Maganga alimtukana kwa Kisukuma, matusi ambayo siandiki hapa, akayarudia yote alipokuwa anapanda, timba kwa timba. Alitokeza mdomoni mwa duara amejaa tope. Alinipita bila kunisalimia, akaenda barabarani mbio, akarudi na gogo begani, akamwita Boaz shimoni ajiandae kulipokea.